Feritini 620 kwa baba, 11 kwa mama: nyumba moja, majibu mawili

Swali: "Nina miaka 47, ni mfanyabiashara Morogoro, uzito kilo 96, urefu sentimita 170. Nilipima afya kwa ajili ya bima nikaambiwa feritini yangu ni 620 na kwamba damu ina chuma kupita kiasi. Jirani ananihimiza niende hijama, yaani kuumikwa, mwingine anasema niache nyama na mchicha. Mke wangu, miaka 44, feritini yake ni 11, ameandikiwa vidonge vya kuongeza damu, lakini kipimo chake cha sukari ya miezi mitatu kimesoma 6.2 na sasa halali kwa hofu ya kisukari. Nakiri tumekuwa tukimeza vidonge hivyo wote wawili. Inakuwaje tunakula chungu kimoja, mmoja azidiwe na mwingine apungukiwe? Majibu yetu yote nimeyaambatisha."

Ndugu, kuanzia leo acha vidonge vya mkeo. Yeye aendelee navyo kama alivyoandikiwa. Hijama usiende, na mchicha endelea kula. Sasa tuyasome majibu yenu.

Feritini ni protini ya kuhifadhia chuma. Imeundwa kwa vipande 24 vilivyojipanga kuwa kama mpira ulio wazi ndani, na mpira mmoja unaweza kubeba hadi atomu 4,500 hivi za chuma. Kazi yake hasa iko ndani ya seli: kwenye ini, wengu, uboho wa mifupa. Inayopimwa maabara ni ile kidogo iliyotoka ikaingia kwenye damu, na hiyo ya kwenye damu huwa haina chuma kingi ndani yake. Kwa hiyo kipimo cha feritini hakihesabu chuma moja kwa moja. Kinakisia akiba kwa kutazama kiasi cha protini kilichotolewa na seli.

Kwa mtu mwenye afya makisio hayo ni mazuri. Mikrogramu 1 ya feritini kwa lita huashiria akiba ya chuma ya miligramu 8 hadi 10. Lakini kanuni hiyo haikufai wewe. Zidisha 620 kwa 8, unapata miligramu 4,960, karibu gramu 5 za akiba peke yake. Mwili mzima wa mtu mzima, pamoja na chuma chote kilichomo kwenye chembe nyekundu na misuli, una gramu 3 hadi 4. Mtu mwenye akiba ya gramu 5 angeonyesha dalili nyingine kwenye karatasi hiyohiyo ya maabara, na kwako hazipo. Ina maana sehemu kubwa ya hiyo 620 imetoka mahali pengine.

Feritini hupanda kwa sababu tatu kubwa ambazo hazina uhusiano na kula chuma. Ya kwanza ni mwako wa ndani ya mwili, yaani kinga ikiwa kazini: malaria, kifua kikuu, VVU visivyodhibitiwa, saratani, baridi yabisi, hata mafua makali ya wiki iliyopita. Ya pili ni seli za ini kuumia, iwe kwa pombe, homa ya ini B au C, dawa, au mafuta yaliyojaa ndani ya ini. Ya tatu ni kitambi pamoja na mwili kushindwa kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari, hali ambayo huenda sambamba na hizo mbili za kwanza. Mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka utumbo na ini, hutoa kemikali za mwako saa 24, kidogokidogo, bila homa wala maumivu. Insulini yenyewe ikiwa juu muda wote huchochea seli kutengeneza feritini zaidi.

Sasa tazama namba zako nyingine. Kiuno sentimita 106, na kikomo kinachotumika kwa wanaume wa Afrika ni 94. Trigliseridi, aina ya mafuta ya kwenye damu, 2.4, wakati kikomo ni 1.7. Kolesteroli nzuri, HDL, 0.9, inatakiwa isishuke chini ya 1.0. Presha 138/88, na hesabu huanzia 130/85. Sukari kabla ya kula 6.3, na 5.6 tayari ni alama. Ukipata tatu kati ya hizo tano unaingia kwenye kundi la wenye mkusanyiko wa hatari za kisukari na moyo. Wewe unazo zote tano. Aliyekupa majibu akasema "chuma kimezidi" bila kutazama kiuno chako alisoma mstari mmoja wa ukurasa.

Hali hii ina historia. Mwaka 1997 madaktari wa Ufaransa walieleza wagonjwa wenye feritini ya juu, kitambi na sukari iliyovurugika, ambao hawakuwa na ugonjwa wa kurithi wa chuma. Mwaka 2023 kundi la wataalamu wa nchi kadhaa lilikubaliana kuitambua rasmi hali ya feritini kuwa juu kutokana na mvurugiko wa umetaboli, yaani namna mwili unavyotumia chakula: zaidi ya 300 kwa mwanaume au zaidi ya 200 kwa mwanamke, pamoja na dalili za kitambi, mafuta kwenye ini au kisukari. Waliweka na madaraja. Chini ya 550 kwa kawaida hakuna chuma cha ziada cha maana. Kati ya 550 na 1,000 kinaweza kuwepo kidogo. Juu ya 1,000 ni lazima kitafutwe kwa kina. Wewe uko daraja la kati, karibu na chini.

Namba inayoamua ni ile ambayo watu wengi huiruka: kiwango cha kujaa kwa transferini. Transferini ndiyo inayobeba chuma ndani ya damu, na kila molekuli ina nafasi za atomu mbili. Kipimo huuliza: katika nafasi zote zilizopo, ngapi zimejaa? Maabara ikikupa chuma cha damu na uwezo wote wa kubeba, ule ulioandikwa TIBC, unagawa cha kwanza kwa cha pili na kuzidisha kwa 100. Kwako ni 17 gawanya kwa 55, yaani asilimia 31. Kawaida ni kati ya 20 na 45. Mwenye ugonjwa halisi wa chuma kuzidi huvuka 45 mapema, mara nyingi kabla hata feritini haijapanda sana, kwa sababu chuma humiminika kutoka utumboni bila kizuizi na magari yote ya kukibeba hujaa. Yako hayajajaa.

Kwa nini feritini ipande na transferini ibaki na nafasi? Hapo anaingia hepsidini, homoni ndogo ya amino asidi 25 inayotengenezwa na ini. Ukiielewa hii, swali lako la chungu kimoja linajibika. Kwenye ukuta wa utumbo, na kwenye seli za kinga zinazovunja chembe nyekundu zilizochoka, kuna mlango mmoja tu wa chuma kutokea kwenda kwenye damu. Mlango huo ni protini iitwayo feropotini. Hepsidini huushika na kuufanya uvunjwe. Ikiwa nyingi, chuma hufungiwa ndani ya seli. Ikipungua, chuma hutoka. Mwili hauna njia nyingine ya kusawazisha, maana hatuna namna ya kukojoa chuma cha ziada. Kinachopotea ni miligramu 1 hadi 2 kwa siku kupitia ngozi na ukuta wa utumbo, na kinachoingia kutoka kwenye chakula ni kiasi hichohicho. Chuma kingi cha kila siku, miligramu 20 hadi 25, ni kile kinachorejeshwa kutoka chembe nyekundu zilizovunjwa.

Mwako wa kitambi huamuru ini litoe hepsidini. Milango inafungwa, chuma kinabaki ndani ya seli za kinga na za ini, seli zinatengeneza feritini ya kukihifadhi, feritini inapanda kwenye damu, na transferini inaendelea na nafasi zake wazi. Hiyo ndiyo picha yako. Chuma kipo, lakini hakikugawika vizuri, na hakijazidi kwa kiasi ambacho 620 inakutisha nacho.

Nisikupe faraja ya bure, hata hivyo. Chuma kilichofungiwa ndani ya ini lenye mafuta hakikai kimya. Chuma huru huchochea kemikali kali za oksijeni zinazounguza kuta za seli, na ini lililounguzwa huzidi kuigomea insulini na huendelea kumwaga sukari usiku. Utafiti mkubwa wa wauguzi wa kike Marekani, uliochapishwa 2004, uliona waliokuwa na feritini ya juu walipata kisukari zaidi miaka iliyofuata, hata baada ya kuzingatia uzito. Kwa hiyo 620 ni onyo halali. Linakuonya juu ya ini na kongosho. Ukilichukua kama habari ya nyama na mchicha tu, utatibu kisichohusika.

Kuhusu kutoa damu, wazo lenyewe si la kipuuzi, maana uniti moja ya mililita 450 huondoa miligramu 200 hadi 250 za chuma, na kwa mwenye ugonjwa wa kurithi ndiyo tiba kuu. Ndiyo maana watafiti walilijaribu. Australia waliwatoa damu watu wenye mafuta kwenye ini. Ufaransa waliwatoa wenye hali kama yako hasa. Feritini ilishuka, lakini ini na sukari havikuwa bora kuliko kwa wale waliopewa ushauri wa chakula na mazoezi peke yake. Ufaransa, waliotolewa damu hata walivumilia vibaya zaidi. Na hesabu tuliyofanya mwanzo inakuonyesha hatari: mtu akiamini una gramu 5 za akiba atakupangia kutolewa damu zaidi ya mara 20, na kwa kuwa chuma hicho hakipo, utaishiwa damu katikati ya safari.

Hijama ni jambo jingine kabisa. Mililita moja ya damu yenye hemoglobini 15 ina nusu miligramu ya chuma. Hata ikitoka mililita 100, umepoteza miligramu 50, robo ya uniti moja. Haifiki popote, na wembe usio safi hukuletea homa ya ini B juu ya ini ambalo tayari linaumwa. Ukitaka kuchangia damu kwa ajili ya wenye shida, wahudumu wakakupima na kukukubali, nenda. Mwanaume huruhusiwa kila baada ya miezi mitatu. Ila usiihesabu kuwa tiba.

Kabla hatujalaumu kitambi peke yake, kuna vitu vya kuondoa njiani, na vingine havionekani kwenye karatasi ulizoleta. Rudia kipimo cha feritini pamoja na chuma na TIBC baada ya wiki tatu au nne, asubuhi, bila kula, ukiwa huna homa wala mafua. Chuma cha damu hupanda na kushuka sana ndani ya siku moja, na kidonge cha chuma ulichomeza jana kinaweza kukipandisha kwa uongo. Ndiyo sababu nyingine ya kuviacha. Usishangae maabara moja ikiandika nanogramu kwa mililita na nyingine mikrogramu kwa lita: kwa feritini namba ni ileile. Pamoja na hivyo rudia kipimo cha mwako, CRP, na uombe cha homa ya ini B na C, VVU kama hujapima karibuni, na picha kamili ya damu. CRP yako ya 6 ni mwako mdogo wa aina inayoendana na kitambi. Ingekuwa 60 ningekuambia feritini haisomeki kabisa mpaka chanzo kipatikane.

Pombe hukuitaja. Daktari akikuuliza mwambie kiasi cha kweli, kwa chupa na kwa wiki, kwa sababu pombe huishusha hepsidini na kuliumiza ini kwa wakati mmoja. Kusini mwa Afrika, hasa Zimbabwe na Afrika Kusini, chuma kilichozidi kilijulikana tangu miaka ya 1920 kwa wanywaji wa pombe ya kienyeji iliyopikwa kwenye vyombo vya chuma, ambamo kila kikombe kilibeba miligramu kadhaa za chuma kinachofyonzwa kwa urahisi. Mwenye kunywa pombe ya pipa la chuma kila siku hata hapa kwetu asipuuze.

Ukiambiwa upime jeni la ugonjwa wa kurithi wa chuma, tunza fedha yako. Mabadiliko yanayotafutwa zaidi, C282Y, ni ya watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini na kwa Waafrika karibu hayapo. Na kwa kujaa kwa transferini kwa asilimia 31, hata Ulaya wasingekimbilia huko. Msomaji wa Oman au mwenye nasaba ya huko ana swali tofauti la kuuliza: talasemia, ugonjwa wa kurithi wa hemoglobini. Talasemia ya wastani hushusha hepsidini na kulundika chuma hata kwa mtu ambaye hajaongezewa damu maishani. Wenye selimundu waliokwisha kuongezewa damu mara nyingi nao wana hesabu yao, kwani kila uniti waliyopokea imewaachia zile miligramu 200 na zaidi.

Kinachonihangaisha zaidi kwako ni ini, na kuna hesabu rahisi ya kupima kama limeanza kuwa na makovu. Inaitwa FIB-4. Zidisha umri kwa AST, kimeng'enya cha ini. Kisha zidisha chembe sahani kwa kipeuo cha pili cha ALT, kimeng'enya kingine cha ini. Gawa jibu la kwanza kwa la pili. Kwako: 47 mara 41 ni 1,927. Kipeuo cha pili cha 58 ni 7.6, mara chembe sahani 228, ni takriban 1,736. Jibu ni 1.1. Chini ya 1.3 makovu makubwa hayatarajiwi kwa mtu wa umri wako. Juu ya 2.67 ni kumwona daktari wa ini bila kuchelewa. Katikati, unapimwa ugumu wa ini kwa mashine maalumu. Piga ultrasaundi ya tumbo ili mafuta yathibitishwe, lakini ujue ultrasaundi haioni chuma na haioni makovu ya mwanzo. Chuma cha ini hupimwa kwa MRI yenye programu ya kazi hiyo. Sioni sababu ya kuilipia sasa. Ningeiomba kama feritini ingerudi juu ya 1,000, au transferini ikijaa zaidi ya asilimia 45 mara mbili mfululizo.

Tiba yako ni uzito, na ina vipimo vyake. Kupungua asilimia 5 huanza kuondoa mafuta kwenye ini. Asilimia 7 hutuliza mwako wa ini. Asilimia 10 inaweza kurudisha nyuma makovu. Kwa kilo 96 hiyo ni kilo 4.8, 6.7 na 9.6. Lenga kilo 7 ndani ya miezi sita. Kilo mbili kwa wiki kwa kujinyima kabisa huliumiza ini lilelile tunalolitetea. Anza na vya kunywa: soda moja ya mililita 300 ina gramu 32 hivi za sukari, na sukari ya aina hiyo ini huigeuza mafuta haraka. Juisi ya maembe ya kusaga nayo ni sukari, hata kama imetoka mtini leo asubuhi. Ugali upunguze uwe ukubwa wa ngumi yako, mboga na maharage vijaze nusu ya sahani, chips ziwe za siku ya sherehe. Tembea kwa mwendo unaokufanya uhemee dakika 30, siku tano kwa wiki, na siku mbili fanya kazi ya kutumia nguvu za misuli, maana misuli ndiyo mlaji mkuu wa sukari.

Nyama nyekundu punguza hadi mara mbili au tatu kwa wiki na maini yapumzishe kwa sasa. Chuma cha nyama hufyonzwa asilimia 15 hadi 35, cha mimea asilimia 2 hadi 10 tu. Ndiyo maana kuacha mchicha na kunde ni hasara tupu: unajinyima nyuzinyuzi na potasiamu zinazosaidia presha na sukari, kwa ajili ya chuma ambacho mwili wako, wenye hepsidini ya juu, ungekikataa mlangoni. Unga wa mahindi uliorutubishwa nao hauna neno. Soma lebo za multivitamini na unga wa lishe wa kopo. Chenye chuma kiache. Na zile chupa za "kusafisha ini" zinazouzwa stendi, nyingine ndizo zinazoliharibu.

Kwa sukari ya 6.3 na presha hiyo, daktari anaweza kukuanzishia dawa. Akikuandikia dawa ya kolesteroli, usiikatae kwa sababu ALT ni 58. Kimeng'enya kilichopanda kidogo kwa ajili ya mafuta hakizuii dawa hizo, na kinachowaua wengi wenye ini la mafuta ni moyo.

Sasa mama watoto. Kwake hakuna utata juu ya chuma: feritini 11, na Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya 15 kuwa upungufu kwa mtu mzima mwenye afya. Chuma cha damu 6, TIBC 78, transferini imejaa chini ya asilimia 8. Angalia ini lilivyoongeza magari ya kubebea, 78 dhidi ya 55 yako, kwa kuhangaika kutafuta kisichokuwepo. Chembe zake nyekundu ni ndogo, kipimo cha ukubwa wake, MCV, ni 74, na hemoglobini 10.8. Wewe huna hedhi. Yeye kila mwezi hupoteza chuma, na kama ametoka kwenye mimba kadhaa akiba ilikwisha zamani. Chungu ni kimoja, matumizi ni mawili.

Hiyo 6.2 yake usiiamini bado. Kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, huhesabu sukari iliyoganda kwenye hemoglobini ya chembe ambazo huishi siku 120 hivi. Mwili ukikosa chuma hutengeneza chembe mpya kwa shida, chembe zilizopo kwenye damu zinakuwa za umri mkubwa zaidi, na zimepata muda mrefu wa kugandiwa na sukari. Kipimo kinapanda bila sukari kupanda. Sukari yake kabla ya kula ni 5.1, ambayo ni ya kawaida. Namba mbili zikipingana namna hii kwa mwenye upungufu wa damu, mimi huiamini ya kabla ya kula. Akitaka uhakika sasa, afanye kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa baada ya saa mbili. Chini ya 7.8 ni salama. HbA1c airudie miezi mitatu au minne baada ya hemoglobini kurudi kawaida. Akirudia katikati ya tiba itasoma chini isivyo kweli, maana damu itakuwa imejaa chembe changa.

Kosa hili lina upande wa pili unaostahili kujulikana pwani na kanda ya ziwa: mwenye chembechembe za selimundu, au mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, anaweza kusoma HbA1c ya chini huku sukari iko juu, kwa kuwa chembe zake zinakufa mapema au hemoglobini yake inachanganya mashine. Mtu kama huyo anaweza kupewa pongezi wakati kisukari kinamtafuna.

Vidonge vyake ni salfeti ya chuma miligramu 200, ambavyo ndani yake chuma chenyewe ni miligramu 65. Kimoja kwa siku kinatosha. Zamani tuliandika viwili au vitatu, lakini dozi moja huipandisha hepsidini kwa saa 24 na ya pili hukuta mlango umefungwa, ikaishia kuumiza tumbo. Kikimletea kichefuchefu au choo kigumu, ameze siku moja na kuruka moja. Hufyonzwa vizuri vilevile. Ameze na maji au chungwa, tumbo likiwa halijajaa, na chai ya rangi au ya maziwa isogee saa mbili mbele. Chai ya pamoja na chakula ni adui mkubwa wa chuma katika nyumba zetu. Choo kuwa cheusi ni kawaida ya dawa. Hemoglobini ipande kama gramu 2 ndani ya wiki nne. Ikifika kawaida aendelee miezi mitatu mingine kujaza akiba. Kama anatumia vidonge vya kukuza nywele na kucha vyenye biotini, aache siku tatu kabla ya kupimwa, kwani biotini huvuruga mashine na inaweza kuishusha feritini kwa uongo.

Isipopanda, swali ni damu inapotelea wapi. Hedhi ya zaidi ya siku saba au ya mabonge inataka ultrasaundi ya kizazi kutafuta faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi. Choo kipimwe kwa minyoo ya safura, na kichocho kama alikulia kando ya ziwa au mabonde ya mpunga. Kama yeye naye ana kitambi, hali inakuwa na ukinzani wake: mwako hupandisha feritini na kuficha upungufu. Kwa mtu mwenye mwako, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha 70 badala ya 15. Mwanamke mnene mwenye feritini 45 na transferini iliyojaa asilimia 12 ana njaa ya chuma, hata kama maabara haijapiga alama yoyote pembeni ya namba.

Wewe rudi na vipimo vilevile baada ya miezi sita: feritini, transferini, ALT, AST, chembe sahani, sukari, trigliseridi, na futi kamba kiunoni. Feritini ikishuka pamoja na kiuno, tumepata jawabu. Kiuno kikishuka na feritini ikagoma au ikapanda, hapo ndipo MRI na daktari wa damu. Usisubiri miezi hiyo ukipata macho ya manjano, tumbo kujaa maji, homa isiyoisha, kukonda usikokutaka, au maumivu ya vifundo vya kidole cha pili na cha tatu yanayokuja pamoja na kupungukiwa nguvu za kiume.

Vidonge vya chuma vya mkeo vifungiwe kabatini juu, mbali na watoto. Huwa na rangi na utamu kama peremende, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Akimeza hata vitatu, nendeni hospitali saa ileile bila kungoja dalili.